Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Dispensari Kongwe ya Mizingani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazee wetu na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha skulini kwetu. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima wa kukutana, nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Mwaka huu Klabu yetu ya Historia imeshughulika na jengo moja tu, Dispensari Kongwe ya Mizingani, ile nyumba ya ghorofa yenye roshani za mbao inayotazamana na bandari, karibu na Mti Mkubwa. Anayeingia Unguja kwa boti huiona kabla hajakanyaga nchi kavu. Wengi wetu tumepita mbele yake tangu utotoni bila kujua imejengwa na nani wala imenusurika vipi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Ujenzi ulianza mwaka 1887, mwaka ambao Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 katika kiti cha enzi. Aliyetoa fedha ni Tharia Topan, mfanyabiashara wa asili ya Kutch huko India, aliyekuja Unguja akiwa kijana mdogo na akapanda hadi kusimamia forodha ya Sultani. Alikusudia kujenga hospitali ya kuwatibu maskini, na papo hapo kuiadhimisha jubilei ya Malkia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1890, dola ya Malkia huyo huyo iliiweka Zanzibar chini ya himaya yake.

Sadaka na utiifu kwa mkoloni viliingia katika msingi mmoja. Na si hayo tu. Topan alikuwa akiikopesha misafara ya bara, ikiwemo ya Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, misafara iliyofuata pembe za ndovu na iliyokwenda sambamba na utumwa. Jambo hili lilizua mjadala mkali klabuni. Wapo waliouliza kwa nini tuililie nyumba ya namna hiyo. Msimamo tuliofikia ni kwamba nyumba itunzwe, na habari zake zielezwe zote, za tajiri aliyetoa fedha na za wapagazi walioibeba mali hiyo mabegani kutoka bara hadi pwani. Nyumba ikishaanguka, hata hao wapagazi wanakosa mahali pa kutajwa.

Topan alifariki mwaka 1891, jengo likiwa halijakamilika. Lilimalizika mwaka 1894, lakini hospitali aliyoinuia haikufunguliwa. Baadaye lilipita katika mali ya Haji Nasser Nur Mohamed, ghorofa ya chini ikawa dispensari na za juu zikawa makaazi ya wapangaji. Ndipo lilipopata jina la Dispensari ya Ithnaasheri, yaani ya Waislamu wa madhehebu ya Shia Ithnaasheri, ambalo wazee wetu wanalitumia mpaka leo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliingia mikononi mwa Serikali, na kufikia miaka ya 1970 na 1980 lilikuwa limechoka sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Hapa tunaomba utuvumilie, kwani ndipo tulipojifunza zaidi. Tulitaka kujua nyumba ya mawe inakufaje.

Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ni kuta nene, na zina tabia ya kunyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua. Chokaa inauacha unyevu huo utoke taratibu, ukuta unakauka wenyewe. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezamishwa ndani ya ukuta. Maadamu ukuta unakauka, boriti inadumu miaka na miaka.

Sasa mwenye nyumba anaona lipu ya zamani inapukutika. Anamwita fundi, na fundi anapiga saruji kwa sababu ndiyo iliyopo dukani na inakauka haraka. Kwa nje kazi inapendeza. Kwa ndani maji yamefungiwa. Chumvi inajikusanya nyuma ya saruji na kuyala matumbawe, ncha za boriti zinaoza mahali ambapo jicho halifiki, mpaka siku dari inapoporomoka na watu wanasema nyumba ilikuwa kongwe tu. Katika ziara yetu mjini tulionyeshwa ukuta wa uchochoroni uliopigwa saruji hadi usawa wa kifua. Hapo chini ulikuwa mkavu na mgumu kwa kuuangalia, lakini mwenzetu alipougonga kwa kifundo cha kidole ulilia mtupu kama ngoma, na pale saruji ilipopasuka ulimwagika unga mweupe. Juu ya mstari huo, lipu ya chokaa ilikuwa na madoa na mikwaruzo, ila imeshikamana na jiwe barabara.

Dispensari Kongwe ilipata bahati ya kutengenezwa na watu waliolijua hilo. Mwaka 1990 Serikali iliikodisha kwa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, na katikati ya miaka ya 1990 kazi ya kuirejesha ilikamilika. Kuta zilirudishiwa chokaa. Mbao za roshani zilizooza zilibadilishwa, na nakshi zikakarabatiwa kwa mkono. Kwetu sisi jambo kubwa kuliko yote ni kwamba mafundi wa hapa hapa Zanzibar walifundishwa kazi ile wakiifanya. Mgeni akija akakutengenezea nyumba akaondoka na ujuzi wake, utamsubiri tena itakapoharibika.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Orodha hiyo haizuii nyumba kuanguka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu 2 wakapoteza maisha. Tunawaombea marehemu hao. Siku ile wengi wetu tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka jinsi wazee nyumbani walivyonyamaza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Ombi letu kubwa ni kuhusu chokaa. Kuchoma matumbawe kwa magogo, kuizima chokaa kwa maji, kuilaza shimoni muda mrefu mpaka iwe laini, kupiga lipu tabaka kwa tabaka na kuipa kila tabaka nafasi ya kukauka, yote hayo ni ufundi ambao kijana hawezi kuupata kwa kusoma kitabu. Mafundi wanaoujua vizuri ni watu wazima sasa. Tunaomba utusaidie kuwafikishia wahusika wazo la kuwaweka vijana wanaomaliza skuli chini ya mafundi hao, kwa posho na kwa cheti kinachotambulika, ili anayetaka kuishi kwa kazi hii aweze kuishi kwayo. Wapo wanachama wa klabu hii walio tayari kuanza kesho.

Pia tunaomba wanafunzi tupatiwe utaratibu wa kuyaingia majengo ya kihistoria ya mji wetu pamoja na walimu, na katika kila jengo pawe na maelezo ya Kiswahili yanayojitosheleza. Na kwa upande wa skuli, klabu inahitaji kamera na vifaa vya kurekodia, kwani wazee waliowahi kutibiwa au kupanga katika Dispensari wanazidi kupungua, na tungependa kuhifadhi sauti zao wakiwa bado nasi.

Kwa upande wetu, tunaahidi kuendelea kuandika habari za nyumba za mitaa yetu, na tukimaliza kila moja tutaiweka nakala katika maktaba ya skuli, wazi kwa yeyote atakayetaka kuisoma.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Historia