Barua kwa mwanangu: ng'ambo ya Ninth Street

Mwanangu Rehema,

Jumapili ulipopiga simu nilikuwa jikoni, na mdogo wako alikuwa ameweka sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia yote. Ulimwambia asithubutu kupanga chumba ng'ambo ya Ninth Street, barabara inayoutenga West End, mitaa ya weusi, na mji mwingine. "Wale ndivyo walivyo," ukasema. "Wangetaka kuishi pazuri si wangehama?" Sikuingilia. Nilibaki na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika chini, kwa sababu maneno yale si yako. Ni yangu. Niliyasema ndani ya gari, ninyi mmekaa nyuma, mwaka wetu wa kwanza hapa Louisville, Kentucky, nikifunga milango kila tukiikaribia barabara ile.

Nami niliyapokea kwa mtu wa kwetu aliyetutangulia hapa, yule aliyekuja kutuchukua uwanja wa ndege. Huku mkae, huku msikae. Hakusema kwa nini, wala mimi sikuuliza. Mgeni haulizi, anashukuru kwa pa kulala.

Tangu mgongo uniweke nyumbani nimekuwa nashinda maktaba, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Mei 1914 baraza la mji huu lilipitisha sheria. Jina lake refu lilidai inazuia ugomvi na chuki baina ya weupe na weusi. Kipande cha mtaa chenye nyumba nyingi za weupe, mweusi asihamie. Chenye nyumba nyingi za weusi, mweupe asihamie. Ndio usawa waliojivunia, kwamba kila mmoja amekatazwa. Ila yaya na mpishi mweusi waliruhusiwa kulala kwa tajiri wao mweupe. Hapo ugomvi haukuhofiwa.

Louisville haikubuni jambo hilo. Mji wa Baltimore ulitangulia mwaka 1910, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikukumbuke wewe na neno lako la "wangehama". Mwanasheria mweusi aitwaye George McMechen, aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale, alihamia McCulloh Street, mtaa mzuri wa weupe. Alihama, mwanangu! Kabla mwaka haujaisha mji ukatunga sheria ili asitokee mwingine kama yeye.

Hapa kwetu kulikuwa na William Warley, mhariri wa gazeti la weusi na kiongozi wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Alikubaliana na dalali mweupe, Charles Buchanan, auziwe kiwanja kwenye kona ya 37th Street na Pflanz Avenue. Katika mkataba Warley aliweka sharti: silipi kama sheria ya Kentucky na ya mji huu hainiruhusu kujenga nyumba na kuishi humo. Kisha akakataa kulipa. Buchanan akamshtaki. Kwa hiyo mahakamani mweupe ndiye aliyeipinga sheria ya ubaguzi, akilia kwamba inamzuia kuuza mali yake, na mweusi ndiye aliyejikinga nyuma ya sheria hiyo, akisema samahani bwana, sheria imenikataza. Walikuwa wamepanga yote, maana walitaka kesi ifike juu. Nilicheka peke yangu pale maktaba hadi mama mmoja akanitazama.

Kumbukumbu za kesi zinasema kipande kile kilikuwa na nyumba kumi, nane za weupe na mbili za weusi, na hizo mbili ndizo zilizokuwa karibu zaidi na kiwanja. Yaani majirani wa Warley wangekuwa weusi wenzake. Bado ilikuwa kosa.

Mahakama za Kentucky ziliibariki sheria. Tarehe 5 Novemba 1917 Mahakama Kuu kule Washington ikaifuta, majaji wote kwa sauti moja. Lakini soma walivyosema. Kilichowagusa zaidi ni haki ya mwenye mali kuuza mali yake. Warley alivushwa kwa mgongo wa Buchanan.

Mwaka huohuo wa 1914 Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi Dar es Salaam, wakaugawa mji kanda tatu. Hawakutaja rangi ya mtu. Walitaja nyumba: hapa za Kizungu tu, kule za udongo na makuti. Waingereza wakaja, wakaendelea na mgawanyo ule, nasi tukarithi Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, majina ambayo bibi yako aliyataja kama mtu anayetaja mashariki na magharibi. Nimekulia kwenye majina hayo, halafu nikafika hapa nikaamini kwamba watu wa West End walijipangia wenyewe.

Baada ya 1917 na hapa pia walijifunza kutotumia jina la sheria. Sharti likahamia kwenye hati ya nyumba: isiuzwe wala isipangishwe kwa asiye mweupe. Huo ulikuwa mkataba wa watu binafsi, na mwaka 1926 Mahakama Kuu ikakataa kuugusa. Mwaka 1948 ndipo iliposema mahakama zisitumike kutekeleza masharti hayo, na siku hiyo majaji watatu kati ya tisa walijitoa bila kutaja sababu. Watu wakajiuliza hati za nyumba za majaji hao zimeandikwa nini.

Serikali nayo ilikuwa imeingia. Miaka ya 1930 ilichora ramani za miji zaidi ya 200, na mitaa ya weusi ikapakwa nyekundu, maana yake kukopesha huko ni hatari. Shirika lililoundwa 1934 kudhamini mikopo ya nyumba halikutaka mitaa ya mchanganyiko. Wewe unalipia mkopo wa gari, unajua mtu asiyekopeshwa anabaki wapi. Nyumba haipakwi rangi, paa linavuja, mtoto harithi kitu, na mpita njia anasema ndivyo walivyo.

Na aliyehama? Andrew Wade, fundi umeme aliyepigana Vita vya Pili, alitaka nyumba Shively, kitongoji cha weupe pembeni mwa mji huu, mwaka 1954. Ilibidi mume na mke weupe, Carl na Anne Braden, wainunue kwa jina lao kisha wampe. Mwezi wa Juni ikalipuliwa kwa baruti. Aliyefungwa ni Carl Braden, kwa uchochezi. Kwa baruti hakufungwa mtu.

Sikwambii West End hakuna wizi. Upo, na mdogo wako nimemnunulia kufuli. Nakwambia tu kwamba nilikupa jibu la swali nisilowahi kuliuliza, na umetembea nalo hadi ukubwani.

Siku hizi sehemu ya Ninth Street inaitwa Roy Wilkins Avenue, jina la mtu aliyeiongoza NAACP kwa miaka mingi. Mpaka wenyewe wameupa jina lake. Sijui aliyeamua alikuwa anafikiri nini.

Mdogo wako anahamia Jumamosi. Mwenye nyumba ni mama mmoja mzee aliyezaliwa mtaa uleule. Tulipokwenda kukiona chumba alituuliza kama tunakula samaki, akatufungia wawili kwenye karatasi. Mama yako hajakubali bado, na huyo samaki hakumgusa. Nampelekea kijana kitanda, lile sufuria kubwa na blanketi lako la zamani, kama huna neno. Mpigie, lakini usimwambie habari za kuhama.

Baba yako