Shangazi hatupwi, Zainabu

Shoga yangu Zainabu,

Assalaam aleikum. Huku Uingereza wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Natumai Tanga wote hamjambo na mama mkubwa goti limepoa. Salamu nyingine zitafuata, maana ule ujumbe wako wa sauti umeniwasha. "Mnamtupa shangazi kwa wazungu!" Mimi, Zainabu? Nimeona niandike, kwa sababu nikipiga simu utanikata kauli kama kawaida yako.

Kwanza, huko shangazi anakopewa nafasi ya kuhamia si makao ya kulelea wazee. Ni fleti ya halmashauri. Ina mlango wake, ufunguo wake, jiko lake, na mkataba wa kupanga wenye jina lake. Akitaka kupika pweza saa sita za usiku, ni yeye na majirani zake. Hakuna nesi, hakuna kengele ya kula, hakuna wa kumwambia sasa lala. Tofauti ni kwamba wapangaji wote ni watu wazima wa umri wake.

Picha uliyo nayo kichwani naijua, wala si ya uongo. Zamani hapa Uingereza mzee fukara asiye na mtu alipelekwa kwenye majumba ya mafukara, wanawake mbali na wanaume mbali, hata mtu na mkewe wakatenganishwa. Baada ya vita, sheria ya 1948 ikaufuta mfumo huo, na waziri Aneurin Bevan akaahidi nyumba ndogo za watu 25 hadi 30, mzee akae kama mgeni hotelini. Ahadi hizo! Miaka kumi baadaye Peter Townsend, mtaalamu wa mambo ya jamii, alizunguka nchi akakuta wazee chungu nzima bado wamelazwa katika majengo yale yale, vitanda safu kwa safu.

Jengo la shangazi lilichorwa na watu waliokuwa wanayakimbia hayo. Wizara ya nyumba ilikuwa na wasanifu wake, wakajenga vifleti vya mfano mji wa Stevenage, na watafiti nao wakatumwa kuwahoji wazee wanaoishi kwenye vifleti kama hivyo. Mwaka 1969 ukatoka waraka wa serikali: mzee mwenye nguvu apewe kijumba chake, aliyeanza kuchoka apewe fleti ndani ya jengo lenye korido ya joto, sebule ya wote, chumba cha kufulia, kengele ya dharura na msimamizi. La shangazi ni la aina hiyo ya pili. Na umbo lake si geni kwa mtu wa pwani: linazunguka ua wenye bustani, kama vijumba vya wakfu ambavyo matajiri wa kikristo walikuwa wakiwajengea maskini hapa tangu karne nyingi.

Salim ndiye aliyekutia hofu na picha zake za Chicago, najua. Ile minara ya duara ya Hilliard, ghorofa 16, aliyoichora Bertrand Goldberg kwa ajili ya wazee miaka ya 1960. Mwambie aache. Hili letu lina ghorofa mbili tu na lifti inafanya kazi. Hapo anapokaa sasa ni ghorofa ya nne, na lifti ikigoma anakaa ndani mpaka mafundi wapende kuja.

Kazi yangu unaijua, kuzunguka majengo haya kukagua matengenezo, kwa hiyo huwa natazama vitu ambavyo mgeni havioni. Madirisha yanaanzia chini, mtu akikaa kitini aone ua. Soketi za umeme ziko usawa wa kiuno, hainami. Nje ya kila mlango kuna karafu ka ukutani ka kuwekea mfuko wa sokoni wakati unasaka ufunguo. Halafu kamba nyekundu ya kengele ya dharura, kila chumba, mpaka msalani. Inaning'inia kutoka darini hadi karibu na sakafu, ili aliyeanguka aweze kuifikia. Tulipokwenda kutazama, shangazi akaivuta akidhani ni ya taa, mara ukuta ukauliza kama yuko salama. Alianza Ayatul Kursiyu papo hapo! Lakini wengi nawakuta wameifunga fundo juu isiwasumbue wakifagia, na hilo nitamgombeza kila siku.

Kasoro zipo, sikufichi. Vifleti vingi vilijengwa chumba kimoja: kitanda, kiti, jiko pembeni, basi. Wakubwa waliona mzee hahitaji zaidi. Kufika miaka ya 1980 vingi vikawa vigumu kupata wapangaji, nani anataka kupokelea mgeni kitandani? Hiki cha shangazi ni viwili vilivyounganishwa. Kwenye korido utaona mlango wa pili umezibwa, karafu kake kamebaki peke yake ukutani. Kwa hiyo ana chumba cha kulala mbali, na mkija mna pa kukaa.

Kinachonitia wasiwasi ni msimamizi. Zamani alikuwa anaishi humo humo. Fedha zilipobanwa, hapa na kwingine, wakaanza kuja na kuondoka. Kengele sasa inajibiwa na mtu wa mbali, na mimi naishi mabasi mawili kutoka hapo... basi, tutaona.

Kaka Bakari anasema shangazi arudi Tanga. Na kliniki yake ya figo? Nani atakayekuwa... hilo tuliache, nisije nikasema. Ila mwambie nafasi hizi hazirudi. Nyumba nyingi za halmashauri ziliuzwa kwa wapangaji wake baada ya sheria ya 1980. Za wazee ziliachwa nje ya mauzo, ndiyo maana hii bado ipo. Jibu wanalitaka Ijumaa.

Shangazi mwenyewe anataka, Zainabu. Ameshachagua kiti chake pale sebuleni. Anachoogopa ni ninyi.

Sasa nijibu: utazungumza na Kaka Bakari wewe, au unataka nimwendee kwa Mwalimu? Lile kasha la bibi litakuja au linabaki? Mlango nimeupima, linapita. Mwanahamisi kajifungua? Mtoto kafanana na nani? Na zile pesa za paa zilifika, au yule bwana bado anasema mtandao uko chini?

Wako,
Mwanajuma