Kuhusu Mgonjwa Wako Mwenye Manjano

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na habari ya mgonjwa wako aliyepata manjano siku ya 14 baada ya kupandikizwa seli shina, yaani seli mama zinazotengeneza damu, imeninyima usingizi, kwani mimi mwenyewe nimewahi kukosea katika jambo hilohilo.

Nakusihi uanze na mizani kabla ya macho. Niliwahi kumhudumia mama mmoja ambaye macho yake yalikuwa meupe kabisa, lakini kila asubuhi kamba ya nguo yake ya kulalia ilikuwa imemwachia alama kiunoni, na alipoguswa chini ya mbavu za kulia alikunja uso. Uzito ulikuwa umepanda kilo 4, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, tulizomwongezea hazikuwa zikidumu. Nilisingizia dripu. Siku 2 baadaye bilirubini, ile rangi ya damuni inayoleta manjano, ilivuka miligramu 2 kwa desilita, ndipo nilipotambua kwamba vishipa vidogo vya ndani ya ini vilikuwa vimeziba kutokana na dawa kali alizopewa kabla ya kupandikizwa. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi katika wiki 3 za mwanzo, ingawa huweza kuchelewa, kwa sababu defibrotaidi, dawa ya kutibu kuziba huko, hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Hata hivyo, usiharakishe kuupa ugonjwa jina. Akiwa na vipele na kuhara, yamkini seli za mchangiaji zimeanza kushambulia mirija ya nyongo. Maambukizi ya damu nayo huleta manjano, kama zinavyofanya saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga, na baadhi ya dawa za fangasi. Homa ya ini B itafute kwa kupima vinasaba vya kirusi chenyewe, maana kwa mtu ambaye kinga yake imefutwa, kipimo cha kingamwili peke yake kinaweza kukudanganya.

Picha ya dopla, yaani ya mawimbi ya sauti inayoonyesha damu inavyotiririka, ifanywe, ila ikionyesha mtiririko wa kawaida usitulie, kwani damu kurudi nyuma katika mshipa mkuu unaoingiza damu kwenye ini ni dalili inayochelewa. Mkibaki na shaka, kipande cha ini kichukuliwe kupitia mshipa wa shingoni, kwa kuwa kumdunga ubavuni huku chembe sahani zikiwa chache ni kukaribisha damu kuvuja tumboni. Papo hapo mpime tofauti ya shinikizo la damu kati ya inapoingia na inapotoka kwenye ini, ambayo ikizidi milimita 10 za zebaki huunga mkono kuziba kwa vishipa.

Nitumie uzito wake wa kila siku tangu alipolazwa, pamoja na dawa zote, hata zile alizokwisha kuziacha. Nitazisoma usiku huohuo.

Ni mimi rafiki yako.