Risala ya Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Usonji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usonji Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya;
Ndugu Afisa Elimu wa Halmashauri ya Jiji la Tanga;
Mwalimu Mkuu na walimu wote;
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa;
Wazazi wenzetu, na ninyi watoto wetu wenye siku yenu:

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Karibu sana shuleni kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda umeshangaa kupokelewa kimyakimya. Hakuna ngoma, hakuna spika, na akina mama wa Tanga, ambao kwa vigelegele hawana mpinzani, leo wamekupungia khanga tu. Si kwamba hatukufurahi. Wapo hapa watoto ambao kigelegele kimoja huwapeleka chini ya dawati wasitoke mpaka jioni. Kengele ya shule hii ni rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni, na zamani kila ilipogongwa kitengo kizima cha elimu maalumu, wanakosoma watoto wetu, kilijaa vilio. Siku hizi mwalimu wa zamu hupita kwanza kitengoni, akawaonyesha watoto kadi yenye picha ya ile rimu, kisha ndipo akagonge. Wengine bado huziba masikio, lakini wanajua kinachokuja. Kadi ilikatwa kwenye boksi la madaftari na kuzungushiwa selotepu. Mengi tutakayoomba leo ni ya bei hiyo, ingawa si yote.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto huzaliwa nao, akakua nao, akazeeka nao. Hauambukizi, wala hakuna dawa ya kuuondoa. Hugusa namna mtu anavyowasiliana, anavyochangamana na wenzake, na namna masikio, macho, ngozi na ulimi wake vinavyoipokea dunia. Ndiyo maana hapa utamwona anayekariri taarifa ya habari neno kwa neno lakini hawezi kusema "nina kiu", na jirani yake hasemi kabisa, ila akitaka uji humkabidhi mwalimu kadi ya kikombe. Baadhi yao wana kifafa pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo shule ya wanafunzi 1,000 ingekuwa nao kama 8. Wavulana ndio hutambuliwa zaidi. Wasichana wengi hupitwa, kwa sababu mtoto wa kike akikaa kimya pembeni husifiwa kuwa ana adabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinachotuchosha si watoto hawa. Wanachosha, hatutakuficha, mtoto asiyelala usiku anamaliza nguvu za nyumba nzima. Lakini mzigo mkubwa tunatwishwa na watu. Mama mwenye nyumba anataka chumba chake. Kondakta anasema huyo alipiwe siti mbili. Mashemeji wanakaa kikao na kuamua kwamba mama kalogwa, au kaloga. Wapo kati yetu waliouza mbuzi, kisha kiwanja, kwa mganga aliyeahidi kumtoa mtoto jini. Na wapo akina mama walioachwa wakiambiwa kwamba "kwa ukoo wetu hakuna kitu kama hiki."

Lawama hiyo haikuanzia kwetu. Katikati ya karne iliyopita hata wataalamu wa Marekani waliwaambia akina mama kwamba watoto wao wamekuwa hivyo kwa kukosa upendo wao. Mmoja wa waliosimama kuipinga hoja hiyo, mwaka 1964, ni mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Leo inajulikana kwamba vinasaba vina sehemu kubwa, na vinasaba vinatoka pande zote mbili za ukoo. Tunamtaja Rimland makusudi, kwa sababu kwenye vikao vyetu akina baba bado wanahesabika kwa vidole. Waliopo leo tunawashukuru, na tunawatuma kwa wenzao.

Lipo na la chanjo. Ujumbe huzunguka kwenye makundi ya simu kwamba chanjo ya surua ndiyo inayoleta usonji. Chimbuko lake ni andiko la mwaka 1998 la daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, lililohusu watoto 12 tu. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Mwaka 2010 jarida la Lancet lililolichapisha likalifuta, na Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Watoto wetu wamechanjwa, na wadogo zao tunawapeleka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukuombe uje wewe mwenyewe. Watoto hawa wanakua. Kitengoni yupo kijana ameota ndevu na bado anakaa na watoto wa miaka saba, kwa kuwa akitoka hapa hana pa kwenda. Anapenda feni. Akiona feni inazunguka husimama chini yake akatabasamu. Siku moja aliona feni kupitia mlango uliokuwa wazi, akaingia nyumba ya watu. Wenyewe wakamuuliza yeye nani. Hakujibu, kwa sababu hasemi. Wakamshika mkono, akapiga kelele. Mheshimiwa, unajua neno linalofuata hapo mtaani, na unajua watu huja na nini mikononi. Alipona kwa sababu kijana wa bodaboda alimtambua na kumkingia kifua. Huyo bodaboda alimjua kwa kuwa mama yake, wiki chache nyuma, alimpeleka kijiweni na kuwaambia: huyu ni mwanangu, hasemi, msimuogope.

Alipokuwa mtoto wa miaka mitano angeingia nyumba hiyohiyo na kupewa kitumbua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la kwanza ni kutambulishwa. Tunaomba mwenyekiti wa mtaa na polisi kata waandaliwe kikao na wazazi, ili vijana hawa wajulikane kwa sura kabla ya siku mbaya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya chini. Tunaomba kwenye kamati hizo aingie na mzazi wa mwenye usonji, kwa sababu wengi wa watoto wetu hawawezi kujisemea kikaoni.

La pili ni la kliniki. Wauguzi hupima uzito vizuri na kuujaza kwenye kadi. Waongeze maswali mawili: mtoto wa mwaka mmoja akiitwa jina anageuka? Wa mwaka na nusu ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Si kipimo kamili, lakini wengi wetu tuliambiwa "atachangamka tu," na miaka ikapita.

La tatu lina gharama. Tunaye mwalimu mmoja tu mwenye mafunzo ya elimu maalumu, na akiugua kitengo kinafungwa. Tunaomba mwalimu wa pili, na mlezi wa kusaidia chooni na wakati wa chakula. Tunaomba pia chumba kimoja kiwe karakana ya vijana waliovuka umri. Kusuka vikapu wanaweza. Kupanga bidhaa kwa rangi na ukubwa wanatushinda sisi. Kuhusu ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, tunaomba Afisa Maendeleo ya Jamii atufikie, atueleze vikundi vya walezi vinaingiaje.

Mwisho, kijana wetu atakukabidhi kikapu alichokisuka mwenyewe. Hatakutazama usoni, na tunakuomba usimshike bega wala kumsogeza kwa ajili ya picha. Akikupa mkono, upokee. Asipokupa, chukua kikapu na umwambie asante kwa sauti ya kawaida. Anasikia na anaelewa.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wazazi na walezi wa watoto wa kitengo cha elimu maalumu.