Mwanangu, siku ile hatukupotezwa na ukungu

Mwanangu,

Jana nimekuona umepanga begi pale chini, viatu vipya, jaketi, ile tochi ya kichwani, nikakuuliza mnaenda na nani anayeijua njia, ukacheka ukasema baba siku hizi njia iko kwenye simu. Nikanyamaza, ila usiku usingizi ukagoma kabisa. Nimeona bora nikuandikie maana nikiongea unaniwahi na "sawa baba, sawa baba" halafu hakuna kilichoingia.

Stori yangu ya kupotea mlimani unaijua, nimekuhadithia tangu mdogo. Mimi na baba yako mdogo tunashuka, ukungu ukatufunika ghafla, tukapotea, nikatuliza akili, tukarudi salama, baba shujaa. Sasa ile stori nimeichonga chonga. Ukungu ulikuwepo kweli, ila ulitukuta tumeshapotea zamani, na aliyetupoteza ni mimi.

Ilikuwa hivi. Kileleni tulishafika, tunashuka, na kushuka ndo kubaya maana miguu imechoka na kichwa kimeshatangulia nyumbani. Mwenzangu alikuwa hajawahi kupanda mlima wowote, mimi ule nilishaupanda mara moja, na hiyo mara moja ikanifanya profesa, asubuhi nzima namwambia we nifuate tu njia niachie mimi. Tukafika sehemu njia inagawanyika, mimi nimeinamia simu naangalia picha za kileleni, nikashika ya kushoto kwa sababu ilikuwa inateremka vizuri na magoti yalikuwa yananiuma. Basi. Sababu nyingine hakuna.

Dakika kama tano hivi mbele nikaona kitu. Njia inayopitwa na watu, mawe yake yamesuguliwa na viatu mpaka yamekuwa laini, udongo umekaza, majani hayaoti katikati. Haya niliyokuwa nakanyaga yalikuwa yamevaa ule utando wa kijani kama zulia, mzima, haujachubuka popote. Nikageuka nikaona pale nilipopita kiatu changu kimeuchubua, kovu moja bichi kabisa, halafu nikatazama mbele hakuna kovu jingine. Hapo nilijua. Sio nilihisi, nilijua, na nikaendelea kutembea.

Ukiniuliza kwa nini nitakwambia ukweli, nilikuwa naona aibu kugeuka. Nikaanza kujijibu mwenyewe, labda wapandaji wamepungua, labda mvua zimeotesha haya majani, labda hii ndo ile njia ya mkato wanayoisema. Tukavuka kijito ambacho asubuhi hatukukivuka, nikasema moyoni labda asubuhi tulikuwa tunapiga stori hatukukiona, hebu fikiria, mtu maji yanamfika kwenye kifundo cha mguu eti hakuyaona! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ya kwangu siku ile ilikuwa ndefu na mteremko mtupu.

Ndo ukungu sasa ukaja. Haukuja kama mawingu ya kwenye picha, kwanza mti wa hatua ishirini ukawa kivuli, kisha haupo, kisha wa hatua kumi nao haupo, na sauti inakuwa ya ajabu, nyayo zako mwenyewe unazisikia kama za mtu anayekufuata. Mwenzangu akauliza tuko sawa? Nikamjibu tuko sawa, kwa sauti ambayo hata mimi sikuiamini, na nikaongeza mwendo. Hilo ulikumbuke, mtu akishapotea anaanza kukimbia, na anakimbilia bondeni. Nilikuja kusoma baadae kwamba mwaka 2009 watafiti, mmoja wao Jan Souman, walitoa matokeo ya kuwatembeza watu kwenye msitu Ujerumani na kwenye jangwa la Sahara, wakaambiwa nyoosheni tu mbele. Wenye jua au mwezi wa kutazama walinyoosha, vikijificha wanazunguka wanarudi kukata njia yao wenyewe, na wenyewe wanaona wamenyoosha kabisa. Nikasema ahaa, kumbe sio mimi tu.

Nikasikia maji. Nikamwambia tufuate maji, maji yanashuka mpaka kwa watu, si kila mtu ndo anavyosema? Tukayafuata yale maji huku tunashika mizizi, mpaka sauti ikawa nzito, na mbele ya viatu vyangu maji yakaisha. Yaani yapo, halafu hayapo. Nikasukuma jiwe kwa mguu likaenda kimya, nikahesabu moja, mbili, ndo likalia huko chini. Maji mwanangu yanapita popote, hayana mguu wa kuvunjika, kwa hiyo usiyafuate kuteremka kwenye ukungu au giza hata akwambie nani.

Aliyesema tukae ni yeye. Mimi nilikuwa tayari natafuta pa kuzungukia lile poromoko. Akaniambia kaa chini, akatoa nguo zote kwenye begi tukavaa hapohapo kabla baridi haijatushika, maana ukiwa unatembea hujui kama shati limelowa jasho, ukisimama upepo unakwambia. Na ukipanda huko juu hesabu joto linapungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, jua la huku chini lisikudanganye. Tukanywa maji, nikatoa simu. Netiweki hamna, chaji asilimia 11, picha zimekula na baridi imemalizia. GPS yenyewe haihitaji netiweki, inachukua kutoka kwenye satelaiti huko juu, shida ramani ya sehemu ile sikuipakua nyumbani, kwa hiyo nikabaki na kinukta cha bluu katikati ya ukurasa mtupu. Kinukta kinajua kiliko, mimi sijui.

Akaniuliza swali moja tu, ni wapi mwisho ambapo ulikuwa na uhakika? Hakuuliza tuko wapi, na nafikiri ndo maana niliweza kumjibu. Nikafungua picha, ya mwisho nilimpiga yeye amesimama kwenye lile rundo la mawe la alama, saa 8:12. Na muda ule ilikuwa 8:50. Kumbe dunia nzima iliyotupotea ilikuwa dakika 38! Kuna hesabu ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, kwamba tambarare unakwenda kilomita 5 kwa saa, na kila mita 600 za kupanda unaongeza saa nzima. Siku ile nilikuwa siijui hesabu hiyo, lakini akili ilikuwa ileile, tulichoshuka kwa dakika 38 tujipe saa na zaidi kukipanda, giza bado, inatosha.

Na tuliporudi ndo yale makovu yakatusaidia. Kila jiwe nililolichubua wakati najidanganya, sasa ndo alama ya kurudia, jiwe kovu, jiwe kovu. Pakipotea, mmoja anasimama pale kwenye la mwisho habanduki, mwingine anazunguka kutafuta linalofuata ila asitoke kwenye umbali wa kuitana. Tulikwenda kama konokono. Magoti sitaki hata kukumbuka.

Tukatokea pale njia inapogawanyika, na pale kwenye jiwe kubwa kuna mshale mweupe wa rangi unaelekea kulia, mkubwa, ungeweza kuusoma umesimama mbali. Nikasema aisee huu mshale hatukuuona. Mwenzangu alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, akasema bila kuinua kichwa, mimi niliuona.

Nikamuuliza sasa mbona hukusema? Akasema si uliniambia njia nikuachie wewe.

Kumbe kijito pia alikishangaa, na ule ukijani kwenye mawe aliuona. Mara tatu alitaka kusema akameza, akidhani anayejua anajua. Mimi nimenyamaza kwa sababu nimejifanya najua, yeye amenyamaza kwa sababu ameniamini, tukashuka wote wawili kimya kimya mpaka kwenye poromoko.

Sasa wewe unaenda na watu sita, sijui humo utakuwa mimi au utakuwa yeye. Ukiwa yeye sema, hata kama mwenye apu ndo mkubwa wenu. Ukiwa mimi, geuka, wakicheka waache wacheke. Ramani ipakue leo hapa nyumbani sio kule, simu iweke hali ya ndege, pawabenki ikae ndani ya jaketi karibu na mwili. Ile dira yangu nimekuwekea, usiisome ukiwa umeishika pamoja na simu maana sindano inayumba. Filimbi iko mfuko wa juu, mkikwama piga mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika, rudia, na usichoke kurudia. Kubalianeni kabisa saa ya kugeuka kabla hamjaondoka, ikifika geukeni hata kama kilele mnakiona. Na mimi niandikie mnapita wapi na mnarudi saa ngapi, nikipiga simu kwa waokoaji nisiwe nabahatisha.

Ukirudi unihadithie, na kama mlipotea unitajie na aliyewapoteza.

Baba yako mdogo nimekuwa nikiihadithia hii stori mbele yake miaka yote, ameketi palepale, hajawahi kunisahihisha hata neno. Kamuulize kabla hujaondoka. Najua atakachofanya, atainama ajifanye anafunga kamba za viatu, hata kama amevaa ndala.

Baba