Wifi ya mashine za wagonjwa isikuwe ile ya kutazama mupira

Bwana Mhariri,

Naandika kutoka Kadutu, hapa Bukavu, juu ya kitu niliona wakati nalinda mama mukubwa hopitali, siku tisa nalala kwenye benchi. Jina ya hopitali naiacha, si ugomvi natafuta.

Walimuvalisha kwa kidole kale ka mashine ka kupima oksijeni, kanatuma namba kwa wifi mpaka kwa tablete ya infirmiye, meza yake iko mwisho wa koridori. Kitu kizuri, sikatai, infirmiye moja usiku na vitanda vyote vile atazunguka mara ngapi? Sasa kode ya ile wifi ilikuwa imeandikwa kwa bic kwenye karatasi, wameibandika ukutani pembeni ya robine, kila mutu anasoma. Sisi walinzi wa wagonjwa tuliingia wote, wenye kuja kusalimia pia, hata mama wa mikate, na mimi mwenyewe nilitazamaka mupira pale, naungama.

Usiku wa tatu umeme ukakatika. Mashine ya kidole iko na betri yake, ikaendelea kupima, lakini ruta, kale ka kisanduku kanatoa wifi, haina betri, ikazima. Hapo njo shida ilianza. Kidoleni naona 84, oksijeni imeshuka sana, nakimbia kwa meza, tablete ingali inaonyesha 96, ile ya mbele ya umeme kukatika, rangi kijani kabisa, hakuna alama hata moja ya kusema hii namba ni ya zamani. Infirmiye ananiambia "papa, tulia, iko 96". Nikamuvuta mukono mpaka kitandani. Wakamuwekea oksijeni, leo iko nyumbani anatugombeza juu ya sombe haina chumvi.

Sisemi vifaa vitupwe. Ruta iwekewe ka betri, bei yake haifiki hata karibu na ya ile mashine. Mashine zikuwe na wifi yao na kode yao, ruta nyingi zinaweza kutoa wifi mbili, ya wageni mbali, ni kuingia tu kwa parametri. Na ile kode ya kiwandani ya kuingia kwa ruta ibadilishwe, admin-admin kila mutoto wa Kadutu anaijua. Tena tablete ionyeshe namba imefika saa ngapi.

Na tusiseme ni juu ya umaskini wetu. Mwezi wa 5 mwaka 2017 virusi WannaCry ilifunga kompyuta za hopitali nyingi kule Uingereza, miadi karibu 19,000 ikavunjika, na Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa yake tangu mwezi wa 3, ni vile tu watu hawakuiweka. Kwetu nani anawekaka? Niliuliza, wakaniambia kuna kijana moja anakujaka wakati imprimante imegoma.

Juma iliyopita nilipita pale kusalimia jirani. Ile karatasi ingali ukutani, wameongeza tu skochi.

Mulinzi wa mgonjwa, Kadutu