Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mafunzo ya kufunga fremu, ukaguzi wa bawaba na vikao vya kamati vilifanyika kama mnavyojua. Kumbukumbu anazo katibu. Naingia moja kwa moja kwenye lililotugawa: kutumia akiba ya chama kupinga hataza ya Marekani (haki ya kipekee anayopewa mvumbuzi) ya mlango wa fibaglasi wa kuzuia hewa mgodini, wenye mbavu za chuma.

Wapo wanaosema bora tungelipia leseni, yaishe. Hebu tuutazame mlango wenyewe. Mlango wa mita 3 kwa 3, penye tofauti ya shinikizo la hewa ya kilopaskali 2, husukumwa kwa kilonyutoni 18, yaani kama uzito wa tani 1.8. Fibaglasi tupu hupinda, hewa ikavuja kwenye fremu. Chuma kitupu huliwa na maji yenye asidi. Kuzificha mbavu za chuma kati ya ngozi mbili za fibaglasi ni jambo ambalo fundi wetu yeyote angelifikia. Kifungu cha 103 cha sheria yao kinakataa hataza ya kitu kilicho dhahiri kwa fundi wa kawaida, na mwaka 2007, katika shauri la KSR na Teleflex, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema fundi huyo naye ana ubunifu wake, si mashine.

Kwa nini hatukwenda mahakamani? Huko hataza hubatilishwa kwa ushahidi mzito ulio wazi. Mbele ya Bodi ya ofisi ya hataza, tulikoelekeza ombi letu la kuibatilisha, inatosha mizani kuelemea upande wetu. Tena aliyeshtakiwa kwa kukiuka hataza ana mwaka 1 tu wa kuiomba Bodi, tangu akabidhiwe hati ya mashtaka, na chama kikimwombea mwanachama, muda huo hukibana nacho. Ni mimi niliyelisimamia hilo, hata waliolalamika wanajua.

Gharama: ada ya ombi dola 23,750, nyingine 28,125 ya hatua ya pili, jumla 51,875, mbali na mawakili. Bodi ikikataa kulisikiliza ombi, hiyo ya pili hurudishwa.

Kati ya madai ya hataza, yaani mambo ambayo mwenye nayo anasema ni uvumbuzi wake, la bawaba ndilo gumu. Bolti ikikazwa juu ya povu lililo kati ya ngozi za fibaglasi, povu husagika, tundu hupanuka na mlango hulala. Mwenye hataza ameweka kipande cha chuma ndani, kikachomelewa kwenye mbavu. Hatuna waraka mmoja wa kabla ya hataza hiyo unaoonyesha yote hayo. Tunaunganisha miwili, na lazima tueleze kwa nini fundi angeiunganisha. Tukishindwa kwenye uamuzi wa mwisho, hatutaruhusiwa kurudi na hoja tulizoweza kuzitoa sasa.

Wanaopiga kelele zaidi ndio hawakuonekana kikao cha kupitisha ombi, ambacho kiliahirishwa mara ya kwanza kwa kukosa akidi. Wengi wao wanadaiwa ada ya uanachama. Kwa katiba yetu, mwenye deni hapigi kura, na mwaka huu sitamvumilia mtu.

Mwakani tunatarajia kupanua mafunzo ya fibaglasi na, fedha zikiruhusu, kupata mahali petu pa kujaribia milango.

Mwenyekiti